SHINGO YA WAZEE WETU
Somo juu ya artrozi ya shingo



Katika ukurasa huu wa masomo tumezoea kusoma juu ya malaria, juu ya maji safi na juu ya kilimo. Leo nataka tujifunze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho, lakini hakifikirii mpaka siku kinamuuma. Ni shingo, na zaidi sana shingo ya wazee. Nimechagua somo hili kwa sababu ugonjwa wenyewe ulifika nyumbani kwetu, na kwa sababu ya kutojua tulikuwa karibu kumtendea vibaya sana mtu asiye na kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa hao wasiojua.

1. Jambo lililotokea nyumbani

Koko yangu, mama yake mama, ana miaka 67. Tangu nilipokuwa mdogo nilimwona anaamka mbele ya jua, anashuka kwenye maporomoko, anapokea samaki kwa wavuvi, anawapanga katika beseni, anaweka kata juu ya kichwa, kiisha anakamata njia ya soko kwa miguu. Hakuna siku alisema amechoka. Tulizoea hivi, hata hatukuuliza.

Mwaka jana alianza kulalamika: "Shingo inaniuma, mwanangu. Nikigeuka, nasikia kama muchanga ndani." Tulimpaka mafuta, tukasema itapita. Kiisha maumivu yakashuka katika bega, yakafika mkononi mpaka kidole gumba. Kidole kikawa kama kimelala usingizi. Siku moja sahani ilimtoka mkononi ikavunjika, na siku ya pili ilikuwa kikombe.

Basi mjomba wangu mmoja akakumbuka neno. Jirani yetu, mama mmoja mjane, rafiki ya Koko wa miaka mingi, alikuwa amempa Koko kitambaa kipya, na Koko alikifanya kata ya kubebea beseni. Mjomba akasema: "Njo ile kitambaa! Walimufunga nayo shingo." Wengine wakaitika. Wakaniuliza mimi: "Wewe ulikuwa pale. Ulimuona akimupa?" Nikajibu: "Ndiyo, nilimuona." Ilikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba alitoa kitambaa kwa upendo, maana kata ya zamani ilikuwa imepasuka, na neno hilo sikulisema. Wakapanga siku ya Jumapili kumwita yule mama mbele ya jamaa. Sisi watu wa Kisangani tunajua mikutano kama ile inaishia wapi.

Ashukuriwe mama yangu, ambaye alikataa kungoja Jumapili. Siku ya Ijumaa alimpeleka Koko hospitali, na mimi niliwasindikiza. Mengi ya somo hili nilianza kuyasikia siku ile, kiisha nikayatafuta katika vitabu vya biolojia na kwa watu wanaojua.

2. Shingo imetengenezwa namna gani

Mifupa ya shingo ni 7. Tunaiita pingili. Mtu ana 7, mbuzi ana 7, hata okapi wa misitu yetu, mwenye shingo ndefu, ana 7 tu. Okapi huyu babu zetu walimjua tangu zamani, lakini wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kisayansi mwaka 1901. Hata twiga hana zaidi ya 7. Kila pingili yake ni ndefu, basi.

Pingili mbili za juu zina kazi yao. Ya kwanza inapokea kichwa, na pale njo tunapoinamisha kichwa kusema "ndiyo". Ya pili ina jino la mfupa linalosimama ndani ya ile ya kwanza, na pale kichwa kinazunguka kusema "hapana". Karibu nusu ya kuzunguka kwa shingo kunatoka mahali hapo pamoja.

Tangu pingili ya pili kushuka, katikati ya pingili na pingili kuna diski. Diski ni kama mto mdogo: kando yake ni ngumu kama kamba zilizosukwa, ndani ni laini yenye maji mengi. Kazi yake ni kupokea uzito na kuacha shingo ijikunje. Nyuma, kila pingili inagusana na mwenzake kwa viungo viwili vidogo vyenye gegedu laini.

Ndani ya pingili mna tundu, na ndani ya tundu inapita kamba kubwa ya neva, inayotoka katika ubongo na kupeleka amri mpaka miguu. Kando yake zinatoka neva za shingo, jozi 8, zinazokwenda mabegani na mikononi. Shikeni neno hili: neva zinazofika kwenye kidole gumba zinatokea shingoni. Kwa hiyo kidole kinaweza kulala usingizi, na kosa liko juu.

3. Inachakaa namna gani

Twendeni kidogo kwenye maporomoko, pale tunapopita kila siku. Wavuvi wetu wanasimamisha miti mikubwa katikati ya mawe, penye maji makali, wanaifunga kwa kamba za msituni, kiisha wanatundika mitego yao mikubwa. Mti unasimama kwa sababu kamba zimekaza. Lakini maji yanapiga usiku na mchana. Kamba zinalegea, mti unaanza kucheza. Mvuvi anafanya nini? Anaongeza kijiti hapa, anazungusha kamba nyingine pale. Mti unasimama tena, lakini mahali palipokuwa na nafasi sasa pamejaa vijiti na mafundo.

Shingo inafanya vilevile. Mtu akianza kupita miaka 30 au 40, diski inaanza kupoteza maji yake. Inakuwa nyembamba na ngumu. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha vizuri. Inapata chakula kidogokidogo, kama sponji inayokamuliwa na kuachwa, kwa hiyo kupona kwake ni kwa shida. Diski ikiwa nyembamba, pingili zinakaribiana, na viungo vidogo vya nyuma vinapokea uzito ambao si wao. Gegedu linalika. Mwili unaona mahali panacheza, unataka kupakaza. Unaongeza mfupa kando ya pingili, kama mvuvi anavyoongeza vijiti. Mifupa hii midogo ina ncha kama mdomo wa kasuku. Mwili unafanya hivi kwa kujisaidia, lakini mara nyingine mfupa mpya unaziba njia ya neva. Hapo maumivu yanashuka mkononi.

Hii njo artrozi ya shingo. Inapatikana zaidi chini ya shingo, katikati ya pingili ya 5 na ya 6, na katikati ya 6 na ya 7, kwa maana pale shingo inajikunja sana na kubeba sana.

Ni ugonjwa wa watu wachache? Hata kidogo. Ukipiga picha ya mifupa, ile tunayoita radio, kwa watu waliopita miaka 60, zaidi ya 8 kati ya 10 wanaonekana na alama za kuchakaa. Lakini sikilizeni vizuri: wengi wao hawana maumivu yoyote. Ni kama mvi. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Mganga anapashwa kumuuliza mgonjwa na kumpima kwa mikono yake.

4. Na mizigo ya kichwa?

Hapa kuna maneno mawili yanayoonekana kupingana, na yote mawili ni ya kweli.

La kwanza linatoka Kenya. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza kazi yao juu ya wanawake Waluo, wanaobeba mizigo juu ya kichwa, na Wakikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kipaji. Waliona kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa sehemu 20 kwa mia ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya kutembea bure. Mama wa kilo 60 anabeba kilo 12, na mwili wake unatumia nguvu sawasawa na mtu asiyebeba kitu. Dunia ilishangaa. Kumbe mama zetu wana ufundi ambao askari mwenye mfuko mgongoni hana.

La pili linatoka Sierra Leone. Mwaka 1997 waganga walitangaza picha za shingo za watu waliozoea kubeba mizigo mizito juu ya kichwa, wakazilinganisha na za watu wasiobeba. Wale wenye kubeba walikuwa na kuchakaa kwa pingili mara nyingi zaidi.

Tunajifunza nini? Kwamba miguu na mapafu vinaweza kusema "ni nyepesi", na wakati uleule diski za shingo zinalipa. Ufundi wa kutembea hauondoi uzito. Kichwa chenyewe kina karibu kilo 5, na ukiweka juu yake bidoni ya litre 20, umeongeza kilo 20 za maji, bila kuhesabu bidoni. Fanyeni hesabu wenyewe: kwa mtoto wa kilo 40, hii ni nusu ya mwili wake.

Tusikose lakini kusema haki: kubeba mizigo si sababu moja tu. Miaka yenyewe ni sababu ya kwanza. Tena kuna damu ya jamaa, ajali za zamani, na tumbako. Hata mwalimu ambaye hajabeba beseni anaweza kuumwa.

Na sisi vijana wa simu? Katika fizikia tulijifunza levye: uzito ukienda mbali na mhimili, nguvu ya kuushika inazidi. Mwaka 2014 mganga mmoja wa Marekani alifanya hesabu, akaona kwamba kichwa kikiinama digrii 60, shingo inapokea kama kilo 27. Hesabu hii haihakikishi kwamba simu inakula mifupa. Lakini inaeleza kwa nini shingo inachoka ukisoma saa tatu bila kuinua macho, ikiwa ni simu au ikiwa ni kitabu cha Ekzeta.

5. Alama za kujua

Za kawaida: shingo ngumu asubuhi, sauti ya mchanga wakati wa kugeuka, maumivu yanayopanda nyuma ya kichwa au kushuka begani. Neva ikibanwa, maumivu yanashuka mkononi kama moto, na vidole vinalala usingizi.

Za hatari, ambazo haziwezi kungoja:
a) Miguu kuwa mizito, mtu anatembea kama amelewa wala hakunywa kitu, mikono inashindwa kufunga kifungo cha shati, mkojo kutoka bila kutaka. Hapo kamba kubwa yenyewe inabanwa. Ni kazi ya hospitali upesi, na mara nyingine ya operesheni. Usiruhusu mtu yeyote amvute au amzungushe shingo.
b) Shingo ngumu pamoja na homa na kichwa kuuma sana. Hii si artrozi. Inaweza kuwa menenjiti, hata kwa mtoto. Tusisahau Banalia, katika jimbo letu la Tshopo, mwaka 2021: menenjiti iliua watu zaidi ya mia moja. Usingoje kesho.
c) Maumivu ya usiku yasiyopumzika, pamoja na kukonda na jasho. Inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa.
d) Maumivu baada ya kuanguka. Wanaosoma kitabu cha kwanza cha Samweli wanakumbuka mzee Eli, mwenye miaka 98, aliyeanguka toka kiti chake na shingo ikavunjika. Shingo iliyochakaa inaumizwa hata na anguko dogo. Basi tuondoe ndoo na vijiti njiani usiku, mzee asijikwae.

6. Kufanya nini

Hakuna dawa ya kurudisha diski kuwa kijana. Anayekuuzia dawa ya namna hiyo anakudanganya. Lakini maumivu yanaweza kupungua, na neva iliyobanwa kwa wengi inatulia yenyewe katika majuma au miezi, bila operesheni.

Kupumzisha mzigo, lakini si kulala siku zote. Shingo isiyotembea inakuwa ngumu zaidi. Kitambaa chenye maji ya moto kiasi juu ya shingo, dakika 15. Kugeuka polepole kuume na kushoto, kuinama na kuinuka, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, bila kulazimisha. Mto mmoja wa kulalia, si mitatu. Ile kola ya shingo inavaliwa siku chache tu, kama mganga ameamuru, kwa maana nyama za shingo zinazoshikwa kila siku zinalegea.

Juu ya dawa: parasetamoli kwa kipimo chake inaweza kutuliza. Lakini wazee wetu wanapenda kununua vidonge vya diklo na ibiprofeni kando ya barabara, wanameza kila siku. Vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha tansyo. Na vile vya deksa au predni, vinavyomnenepesha mtu uso na kumpa nguvu za uongo, ni hatari zaidi bila mganga. Mzee akisema "hii inanisaidia", tuangalie kwanza anameza nini.

7. Mwisho wa habari

Mganga alimpima Koko polepole. Aligonga magoti kwa nyundo ndogo, akamtembeza, akamwambia afunge vifungo. Akapiga radio, akatuonyesha: katikati ya pingili ya 5 na ya 6 palikuwa pembamba, na ile midomo ya kasuku ilionekana wazi. Akasema kamba kubwa haijaguswa, ni neva moja tu. Kiisha akamuuliza: "Mama, umebeba miaka mingapi?" Koko akahesabu kwa vidole, akajibu: "Tangu niko mutoto ya miaka kumi." Mganga akatuangalia sisi, si yeye. Nilisikia haya.

Jumapili jamaa walikuja. Mama akaonyesha picha. Mjomba akanyamaza kwa muda, akasema: "Lakini kitambaa?" Hapo nikasema lile neno nililolificha: "Alimupa kwa sababu kata ya zamani ilipasuka. Mimi nilisikia." Ilikuwa sentensi moja. Ningeweza kuisema siku ya kwanza. Yule mama mjane hakuitwa, lakini habari zilikuwa zimemfikia, na majuma mengi hakupita tena mbele ya nyumba yetu. Koko mwenyewe alinituma kwake na samaki watatu. Alipokea, akasema asante, akafunga mlango. Baada ya mwezi alirudi kuketi na Koko. Lakini si kama zamani, bado.

Mkono wa Koko ulipata nafuu baada ya miezi miwili hivi. Kuchakaa kuko, hakutatoka. Sasa anauza, habebi. Beseni nalisukuma mimi kwa kinga mbele ya masomo, na siku nikichelewa darasani, walimu wangu mjue sababu.

Bado neno moja, na ni gumu kwangu. Ninyi wadogo wa madarasa ya chini mnajua kwamba mimi kama msimamizi nilitoa adhabu za bidoni: umechelewa, bidoni tatu, umeongea katika mstari, bidoni mbili. Za litre 20, juu ya kichwa, toka mtoni. Niliona ni adhabu nyepesi kwa sababu haina fimbo. Nawaomba radhi. Tangu mwezi huu sitoi tena adhabu ile, na kwa zamu ya maji ya kawaida nimeomba uongozi wa shule turuhusu wadogo wabebe bidoni za litre 5, moja kila mkono, au wabebe wawili wawili kwa mti. Maji yatafika. Yatachukua safari nyingi zaidi, lakini yatafika.

Maswali ya kujibu katika vikundi

1. Kwa nini kidole kinaweza kulala usingizi wakati ugonjwa uko shingoni?
2. Eleza kwa mfano wa miti ya wavuvi kwa nini mwili unaongeza mfupa.
3. Mama ana kilo 55. Kwa kufuata kazi ya Kenya ya mwaka 1986, mzigo gani hauongezi nguvu za kutembea? Je, hii inahakikisha kwamba shingo haiumii? Toa sababu.
4. Taja alama mbili ambazo haziwezi kungoja kesho.
5. Nyumbani kwenu, nani anabeba kilicho kizito zaidi, na ana miaka mingapi? Jibu hili usiliandike. Lichukue nyumbani.

Mimi ndugu yenu,
Msimamizi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho
Wagenia, Kisangani